Malalamiko juu ya Ulinzi wa Watoto Uingereza
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Wengi wenu mna wana na mabinti wanaofanya kazi Uingereza, na wajukuu waliozaliwa huko. Siku afisa wa ustawi wa watoto anapobisha hodi mlangoni mwao, mara nyingi simu hupigwa kwetu kuomba shauri. Basi yafaa tujue la kuwaambia.

Kwanza, tufahamu kwa nini baraza la mji huingia nyumbani mwa mtu. Huko England, Sheria ya Watoto ya 1989 imelipa baraza wajibu wa kuchunguza linapokuwa na sababu ya kudhani kwamba mtoto yumo hatarini. Tena, hawajamsahau Victoria Climbié, binti wa Kodivaa aliyepelekwa Ulaya na jamaa yake, akafa kwa mateso mjini London mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 8. Taarifa ya Lord Laming ya 2003 ilionyesha kwamba nafasi nyingi za kumwokoa zilipotea. Kwa hiyo afisa anayeuliza maswali si adui.

Lakini afisa naye ni mwanadamu. Huenda akaandika lisilosemwa, akakosa kuleta mkalimani, akachelewesha majibu, au akaidhania desturi njema kuwa uovu. Hapo mzazi ana haki ya kulalamika, wala kufanya hivyo si utovu wa adabu. Tukimwambia, "Nyamaza, wewe ni mgeni," kosa litakaa katika faili kana kwamba ni kweli. Tukimwambia, "Wafukuze," itaandikwa kwamba amekataa kushirikiana, na atakayeumia ni mtoto. Shauri jema ni hili: ashirikiane katika uchunguzi, na alalamike kwa maandishi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na aandike tarehe, jina la afisa, jambo lililotendeka, na anachotaka kirekebishwe. Barua iende kwa baraza lenyewe, naye abaki na nakala. Asikawie, kwa maana kwa kawaida malalamiko hupokelewa katika muda wa miezi 12.

Yakiwa ni malalamiko juu ya msaada anaopewa mtoto, sheria imeweka hatua tatu: baraza hujibu kwanza, asiporidhika, hufanywa uchunguzi pamoja na mtu asiye mtumishi wa baraza, mwisho huketi jopo la watu watatu walio huru. Yakiwa ni juu ya uchunguzi wa hatari wenyewe, kwa kawaida hufuata utaratibu wa jumla wa malalamiko wa baraza. Baraza likiisha kutoa jibu la mwisho, mzazi aweza kumwendea Ombudsman, ambaye hupokea malalamiko bila malipo.

Hata hivyo, malalamiko hayawezi kutengua hukumu ya mahakama. Baraza haliwezi kumtwaa mtoto kwa nguvu bila amri ya mahakama. Polisi nao waweza kumshika ili kumlinda kwa muda usiozidi saa 72. Lakini mzazi akikubali kwa hiari yake mtoto akae chini ya baraza, amri haihitajiwi. Ndiyo sababu asitie sahihi karatasi yoyote ya namna hiyo kabla ya kumwona wakili. Baraza likipeleka shauri mahakamani kuomba kumchukua mtoto, mzazi hupata wakili bila kulipa, hata akiwa na mshahara.

Wazee wangu, jambo hili si geni kwetu. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Basi simu ikilia usiku kutoka ng'ambo, kabla hatujakasirika pamoja na mwana wetu, tumwulize maneno matatu: Je, mtoto yu salama? Je, umeandika? Je, wakili ameisoma karatasi hiyo? Akiisha kutujibu, ndipo tumpe shauri.