Tufupishe Sentensi, Tusikate Viambishi: Usemi wa Mkato kwa Watoto Wenye Usonji

Mada kwa warsha ya walimu wa elimu maalumu na wazazi

1. Utangulizi



Wengi wetu tuna mtoto mmoja, nyumbani au kitengoni, ambaye tukizungumza naye ndimi zetu hubadilika zenyewe. Kwa nduguze tunasema, "Niletee kikombe chako nikuwekee maji." Kwake yeye tunasema, "Kikombe. Leta. Maji." Si dharau. Tumeona maneno mengi yakimpita, na tumeshauriwa tumpunguzie. Mada hii inauliza: tumpunguzie nini, urefu wa sentensi au sarufi yake?

"Kikombe kimeanguka" ni sentensi fupi, na ni kamili. "Kikombe anguka" ni fupi pia, ila imekatwa. Hoja yangu ni kwamba mtoto mwenye usonji anahitaji ile ya kwanza, na kwamba Kiswahili chenyewe kinatupa sababu ya kuiepuka ya pili.

2. Jina lilikotoka

Mwaka 1963 Roger Brown na Colin Fraser walizifananisha sentensi za watoto wadogo wanaojifunza Kiingereza na telegramu. Waliowahi kutuma telegramu posta wanakumbuka kwamba ulilipia kila neno, basi ukaacha yasiyo ya lazima. Watoto wale nao waliacha vijineno vya sarufi wakabakiza maneno mazito. Ndipo likatoka jina la usemi wa telegramu, ambao hapa tunauita usemi wa mkato. Jina hilo, lililokuwa la usemi wa mtoto, baadaye likapewa pia usemi wa mtu mzima anayekata maneno kwa nia ya kumsaidia mtoto.

Sasa tazameni telegramu ya Kiswahili: "Nimefika salama." Maneno mawili, na nafsi imo, wakati umo. Mwenye Kiingereza alikuwa na vijineno vya kuacha ili apunguze gharama. Sisi tungekata nini? Sehemu kubwa ya sarufi yetu imebebwa na kitenzi chenyewe.

3. Utafiti unasemaje

Wanaotetea mkato husema mtoto asielemewe. Asikie neno la msingi peke yake alishike. Hoja hiyo ina mantiki, lakini matokeo ya utafiti hayajaipa nguvu. Mwaka 2006 Anne Fernald na Nereyda Hurtado walionyesha kwamba watoto wa miezi 18 hulitambua jina la kitu upesi zaidi likiwa ndani ya sentensi fupi waliyoizoea kuliko likitamkwa peke yake. Maneno yanayotangulia humwandaa msikilizaji.

Hao hawakuwa watoto wenye usonji. Kwa wenye usonji, Courtney Venker na wenzake (2015) walichunguza mazungumzo ya wazazi na watoto wao wakicheza. Watoto ambao wazazi wao waliangusha zaidi vijineno vinavyotangulia nomino za Kiingereza walikuwa na maneno ya aina chache zaidi mwaka mmoja baadaye. Mwaka 2016 Micheal Sandbank na Paul Yoder walijumlisha tafiti kadhaa wakaona kwamba, kwa watoto wenye usonji, sentensi ndefu zaidi za wazazi zilikwenda pamoja na lugha bora ya watoto.

Tuwe waangalifu. Mambo mawili kwenda pamoja si lazima moja lizae jingine. Huenda mtoto asemaye kidogo ndiye anayemfanya mzazi akate maneno. Zaidi ya hayo, mkato uliopimwa na Venker ni wa Kiingereza. Kiswahili tukitazame kwa macho yake.

4. Kiambishi kikiondoka

Ondoa viambishi kwenye "ameanguka" ubaki na "anguka": umegeuza habari kuwa amri. Mtoto anayesikia "keti", "leta", "vaa", "lala" asubuhi hadi jioni anasikia lugha ya kuamrishwa tu. Hasikii namna ya kusimulia, kuomba wala kukataa.

Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alichambua usemi wa watoto wadogo wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili. Watoto hao huangusha viambishi vya nafsi na vya njeo mwanzoni, huku wakikua kuelekea sentensi kamili. Kuangusha ni hatua ya mtoto mwenyewe. Mtu mzima naye akiviangusha, mtoto atavisikia kwa nani?

5. "Unataka maji"

Mwaka 1943 Leo Kanner alieleza habari za watoto 11, akabainisha kwamba baadhi yao walirudia viwakilishi vya nafsi kama walivyovisikia: mtoto akajiita "wewe". Kwetu jambo hilo hujificha katika silabi moja. Unamuuliza, "Unataka maji?" Anakujibu, "Unataka maji." Anaomba, kwa kutumia sentensi uliyompa.

Wengi wetu hukwepa tatizo hili kwa kusema, "Mtoto anataka maji?" Tukifanya hivyo kila mara, *ni-* na *u-* vinatoweka kabisa masikioni mwake. Afadhali tumkopeshe sentensi yake: anaponyoosha mkono kwenye mtungi, au anapokupa kadi yenye picha ya maji, sema kwa niaba yake, "Ninataka maji." Mpe maji hapohapo. Usimlazimishe arudie.

6. Mapendekezo

(a) Sentensi iwe ya neno moja hadi matatu, lakini kitenzi kibaki na viambishi vyake: "Umeanguka." "Viatu vimelowa." "Baba amekuja."

(b) Mtoto akisema "maji mwaga", mrudishie kamili bila kumkaripia: "Ndiyo, maji yamemwagika."

(c) Zungumzia anachokitazama wakati huo, kisha nyamaza umsubiri.

(d) Sauti ya kubembeleza, mwendo wa taratibu na kurudiarudia viendelee. Kumwambia mtoto "simama dede" hakuharibu sarufi.

(e) Kila siku tuhesabu amri zetu, na kwa kila amri tumpe mtoto angalau habari moja.

7. Hitimisho

Kumrahisishia mtoto ni wajibu wetu. Tupunguze idadi ya maneno, tupunguze kasi, tupunguze kelele za chumbani. Kile kisilabi kidogo kilicho mwanzoni mwa kitenzi tusikiguse: ndicho kitakachomwezesha siku moja kusema "nimeumia", nasi tukajua aliyeumia ni yeye.