Kibarua Mgeni: Kobe, Mbegu na Msitu Uliofufuliwa



Nitaanza na kinyesi, mniwie radhi. Katika kisiwa kimoja kidogo cha Morisi, kijana aliyekuwa akitutembeza alisimama njiani, akaokota kijiti na kupasua bonge la kinyesi cha kobe lililoanza kukauka. Ndani, baina ya nyuzi za majani yaliyosagika nusunusu, zilikuwamo mbegu za kahawia zilizotakata, hazina hata chembe ya nyama ya tunda. Akazitenga kwa ncha ya kijiti tuzione, akazirudisha zilipokuwa, akafunika. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya uhifadhi, na sijawahi kusikia msitu ukielezwa kwa ufupi namna ile.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Île aux Aigrettes, yaani Kisiwa cha Yangeyange. Ni hekta 26 tu za mwamba wa matumbawe ndani ya ghuba ya Grand Port, karibu na mji wa Mahébourg, na hakifiki kilometa moja kutoka pwani. Unapanda boti Pointe Jérôme, na hujamaliza kurekebisha kofia umeshafika. Huruhusiwi kuzurura peke yako. Unafuata njia na anayekuongoza, na kwa maoni yangu ndivyo inavyotakiwa. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1965, na tangu katikati ya miaka ya 1980 kimekuwa chini ya uangalizi wa Mauritian Wildlife Foundation. Sababu ya kukipigania ni moja: humo ndimo kilimobaki kipande cha mwisho cha maana cha msitu mkavu wa pwani ya Morisi, pamoja na mti wa abunusi ambao wanasayansi wameupa jina la kisiwa hichohicho, Diospyros egrettarum. Si mpingo wetu wa vinyago, ingawa nao ulikatwa kwa tamaa ileile.

Historia ya ukataji huo nitaipitia haraka, kwa kuwa mnaijua kwa sura nyingine. Waholanzi walitia nanga Morisi mwaka 1598, wakaweka makazi mwaka 1638, wakakata abunusi na kuipakia majahazini. Pamoja nao walishuka panya, nguruwe, mbuzi na nyani. Dodo (ndege, si embe) kwa mara ya mwisho inayokubalika na wengi alionekana mwaka 1662. Wafaransa wakaja, Waingereza wakaja, mashamba ya miwa yakafuata. Leo msitu asilia ulio katika hali nzuri haufiki asilimia 2 ya Morisi yote. Kwenye Kisiwa cha Yangeyange watu walikata kuni, na wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza wakasimamisha mizinga; misingi ya saruji bado ipo, na mijusi wa kijani wameigeuza uwanja wa kuotea jua.

Kwa hiyo mgeni anayetazamia kuona msitu wa tangu enzi ataona kitu kingine. Ataona vitalu vya miche. Ataona miti iliyopandwa kwa mikono, na vibarua wanaong'oa magugu mahali palepale walipong'oa msimu uliopita. Mmojawapo wa maadui wao ni mlusina, mti ambao mabwana shamba wetu waliusambaza kwa wafugaji kama malisho bora. Kule ukiachiwa hufunga njia. Panya waliondolewa, paka wakaondolewa. Kirukanjia wa Kiasia walijaribu kumwondoa mwaka 1999, akashinda yeye.

Sasa nije kwa kobe.

Morisi ilikuwa na aina mbili za kobe wakubwa wasiopatikana popote pengine. Mabaharia waliwapakia wakiwa hai, kama akiba ya nyama isiyohitaji chumvi wala barafu, na kufikia karne ya 18 walikuwa wamekwisha katika kisiwa kikuu. Tumezoea kusema aina imetoweka, tukasikitika, tukafunga ukurasa. Lakini kobe yule alikuwa na kazi. Matunda ya abunusi huanguka chini ya mti ulioyazaa na, asipokuwapo wa kuyala na kuondoka nayo, huozea hapohapo. Sehemu za Kisiwa cha Yangeyange zilizokatwa kuni zilikaa miaka mingi bila kuota mche wa abunusi, hata baada ya ukataji kukoma. Hapakuwa tena na shoka la kulaumu. Mti ulikuwapo, tunda lilikuwapo, na mchukuzi ndiye aliyekosekana.

Mwaka 2000 wahifadhi wakafanya jambo ambalo wenzao wengi walilitilia shaka: walileta kobe wa Aldabra, kutoka ukoo wa visiwa vya Shelisheli, wakawaachia. Huyu si ndugu wa karibu wa kobe aliyekufa. Anafanana naye kwa ukubwa, kwa tumbo na kwa mwendo. Alikula matunda ya abunusi, akatembea, akayaacha mbali na mti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: mbegu zilizopitia tumboni mwake ziliota vizuri zaidi kuliko zile ambazo hazikupitia, na miche ilikuwa ikichipua kwa wingi katika sehemu zilizokuwa tupu.

Hoja yangu ya jioni hii imo humo. Msitu uliofufuliwa haurudi ulivyokuwa; waliokufa wamekufa. Kinachoweza kurudishwa ni kazi, na mara nyingine kazi hiyo itafanywa na kibarua mgeni. Anayetunza msitu, kabla hajauliza ni viumbe gani waliopungua, aulize ni kazi gani ambazo hazina tena wa kuzifanya.

Najua pingamizi lipi litakuja, na ni la haki. Huyo panya naye alikuwa mgeni. Mlusina ni mgeni. Konokono mkubwa aliyetapakaa Morisi na nusu ya nchi za joto, akila bustani za watu, ametoka pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Sisi nasi tumechangia. Kwa nini kobe apewe kibali na wengine wafukuzwe? Jibu ninaloliona la maana ni la kiutendaji kuliko la kifalsafa. Kobe hukua polepole, huzaa polepole, hajifichi, na ukiona umekosea watu wanne watambeba hadi kwenye boti. Panya huzaa gizani, na ukishamleta umeoa. Wahifadhi wale walichagua kosa linaloweza kusahihishwa. Mkiondoka leo na kigezo kimoja tu, kiwe hicho.

Wala msidhani kwamba kazi ikishapata mfanyaji basi watu wanaweza kwenda nyumbani. Kisiwani humo utamwona njiwa waridi, mzito, kifua cha rangi ya waridi lililofifia, pete za rangi miguuni, akishuka kwenye chombo cha nafaka kilichowekwa na binadamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki karibu 10 tu porini. Kwa kuzalishwa kizuizini, kulishwa na kulindwa dhidi ya panya na paka, wamepita 400, na mwaka 2018 walishushwa kutoka daraja la walio hatarini kutoweka hadi daraja jepesi zaidi. Ni ushindi, na Carl Jones, aliyefika Morisi mwaka 1979 na kukaa kwenye kazi hiyo maisha yake, anastahili heshima aliyopewa. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba damu yao imechujuka kiasi kwamba, bila kuchanganywa na njiwa waliohifadhiwa katika bustani za wanyama, wanaweza kutoweka ndani ya miaka 50 hadi 100. Idadi imepanda, na hatari bado imo ndani ya mayai.

Kisha kuna hatari isiyo na mlango wa kuifungia. Tarehe 25 Julai 2020 meli Wakashio ilipanda mwamba pale Pointe d'Esny, jirani kabisa na kisiwa. Tarehe 6 Agosti mafuta yakaanza kumwagika, na kadiri ya tani 1,000 zikaingia baharini. Miche ya vitaluni ikahamishwa kwa boti, baadhi ya ndege wadogo wakakamatwa na kupelekwa bara kwa usalama. Wananchi, bila kungoja amri, walijaza majani makavu ya miwa kwenye vitambaa wakashona mifuko mirefu ya kuzuia mafuta. Miaka zaidi ya thelathini ya kung'oa magugu ilikuwa inategemea nahodha wa meli iliyokuwa ikipita tu.

Sasa niwalete nyumbani, kwa njia ya popo.

Morisi ina popo mkubwa mla matunda, mwenyeji halisi, mbeba mbegu. Mwaka 2015 serikali iliamuru wapigwe risasi kwa sababu ya malalamiko ya wakulima wa lichi na maembe. Waliuawa zaidi ya 30,000 mwaka huo, na mauaji mengine yakafuata. Mavuno hayakupanda. Yaani nchi ileile iliyosafirisha kobe mgeni ili apande abunusi ilikuwa inawaua vibarua wake wa kuzaliwa.

Pemba ilifanya kinyume chake. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani popote pengine duniani, alikuwa kitoweo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walikadiriwa kuwa mamia machache. Vijiji vikaunda vikundi vya ulinzi. Kidike ndicho kinachojulikana zaidi, ambako mgeni hulipa kiingilio na kuwatazama wakining'inia mchana kutwa, wakigombana kwa makelele. Katika miaka ya 2000 hesabu zilipita 20,000. Hakukuwa na maabara, hakukuwa na kobe wa kuagizwa. Watu walikubaliana kuacha kula kitu walichokipenda.

Tunajua idadi ya popo wale kuliko tunavyojua kazi yao. Wanakula matunda ya mikuyu, maembe, shelisheli. Mbegu hizo huangukia wapi? Ni ngapi huota? Msitu wa Ngezi unawategemea kwa kiasi gani? Huo ndio utafiti ninaotaka kuufanya na wanafunzi wa idara hii: nyavu chini ya miti, darubini za usiku, na uvumilivu wa kuchambua uchafu kwa kijiti.

Mtaniuliza kuhusu kobe wetu wa kisiwa cha Changuu, walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, aina ileile inayofanya kazi Morisi, huku wetu wakilishwa mboga na watalii. Je, tuwaachie kisiwani Chumbe wakapande miti? Hapana. Visiwa vyetu havikuwa na kobe wakubwa wa namna hiyo, kwa hiyo hakuna nafasi ya kazi waliyoiacha wazi. Chumbe iliondolewa panya mwaka 1997 na ikapokea paa nunga, ambaye ni wa Unguja. Huyo ana haki yake pale. Kobe wa Changuu waendelee kula kabichi.

Muda wangu umekwisha. Najua humu ukumbini wamo wenye miembe inayoliwa na popo kila msimu, na hasara yao ni ya kweli. Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, ningependa maswali yaanzie kwao.