Maji Yanaporudi Mferejini

Leo tutazungumza juu ya maji ya mfereji hapa Nairobi, hasa yale yanayotoka baada ya mfereji kukauka kwa siku kadhaa.

Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a. Mvua ikikosa, bwawa hupungua. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 2017, na mgao wa maji ukaanza jijini. Mvua ikizidi nayo huleta taabu. Mwaka wa 2003 mafuriko yaliharibu bwawa la Sasumua. Mwaka wa 2024 mafuriko yaliingia katika nyumba za watu Mathare na Mukuru. Hali ya hewa inabadilika, na ni lazima tujiandae kwa ukame na mafuriko pia.

Je, haya yanamhusuje mtoto wako? Sikiliza kwa makini. Bomba likijaa, maji husukuma kutoka ndani kwenda nje. Hata likiwa na ufa, uchafu hauingii kwa urahisi. Wakati wa mgao bomba hubaki tupu, na bomba tupu hunyonya. Likiwa limepita ndani ya mtaro au karibu na choo kilichofurika, uchafu huingia kwenye ufa huo. Maji yakirudi, anayepata uchafu mwingi zaidi ni yule wa kwanza kwenye foleni.

Maji hayo yanaweza kuleta kuhara, homa ya matumbo au kipindupindu, hata yakionekana safi. Basi ufanye nini?

Kwanza, mtungi wa kwanza usiumwage, kwa maana maji ni ghali. Utumie kusafisha sakafu na choo. Usiutumie kupikia wala kuoshea vyombo vya mtoto.

Pili, tibu maji yote ya kunywa. Yachemshe mpaka yatokote kabisa. Kama makaa ni ghali, tumia dawa ya klorini. Maji yakiwa na matope, yaache yatulie kisha uyachuje kwa kitambaa safi. Tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ungoje dakika 30.

Tatu, yaweke katika mtungi safi wenye kifuniko. Mimina, usichote kwa kikombe.

Nne, mtoto aliye chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee. Hahitaji maji, hata wakati wa joto.

Mtoto akianza kuhara, mpe ORS iliyochanganywa na maji safi, na uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Mpeleke kituo cha afya akapewe pia vidonge vya zinki. Akihara majimaji mengi kama maji ya mchele, macho yakididimia, akilegea au akishindwa kunywa, usingoje asubuhi. Mkimbize hospitali, huku ukimpa ORS kidogo kidogo njiani kama anaweza kumeza.

Lakini mama hawezi kuziba bomba la jiji kwa sufuria yake. Tangu 2022 kuna mtaro wa chini ya ardhi unaoongeza maji ya mito bwawani Ndakaini. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, bwawa lililojaa halitamsaidia mtoto wako kama bomba la plotini limelala ndani ya mtaro. Sehemu nyingine za Kibera mabomba yamepitishwa juu, kwenye nguzo, mbali na uchafu. Sisi pia tunaweza kudai hivyo. Ukiona bomba linavuja, piga ripoti. Lizungumzieni katika chama chenu, katika baraza la chifu, na katika vikao vya bajeti vya kaunti.

Mama, kumbuka: maji yakirudi, yatibu kwanza, ndipo mtoto anywe.