Maji Ndani ya Dizeli

Leo siji kwenu na habari za mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumze juu ya chujio la dizeli, pamoja na kile kikombe kidogo kilicho chini yake, ambacho kazi yake ni kutenga maji na mafuta. Najua wapo watakaosema, "Ah, hayo ni mambo ya mafundi." La, ndugu zangu. Haya ni ya mkulima mwenyewe, maana fundi huitwa mashine ikiwa imekwisha kufa.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Msimu mmoja nilikuwa na kikundi cha wakulima wa mpunga katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali. Miche ilikuwa tayari kitaluni, maji yamekwisha kuingia majarubani, na pawatila moja ndiyo iliyotegemewa kuvuruga mashamba ya watu 12. Mashine ikaanza kukosa nguvu. Tukafungua chujio, tukalikuta jeusi, limeziba kabisa. Duka la vipuri lilikuwa mbali. Basi mimi, bwana shamba niliyesoma, nikasema: "Toeni chujio, funga hivyo hivyo, tumalize kazi kwanza."

Injini ikaunguruma vizuri, na watu wakanishukuru. Siku ya tatu ikazima, haikuwaka tena. Fundi alipofungua pampu ya dizeli, akakuta imekwaruzika na kushika kutu ndani. Pampu ile iligharimu fedha ambazo zingenunua machujio ya miaka mingi. Lakini hasara kubwa haikuwa pampu. Kipuri kilichelewa, miche ikazeeka kitaluni, na miche iliyozeeka ukiipandikiza haichipui vizuri. Mama mmoja ambaye jaruba lake lilikuwa la mwisho kwenye zamu aliniambia kwa upole tu, "Bwana shamba, umewasaidia wa mwanzo, sisi wa mwisho umetuacha." Maneno yale sijayasahau, na ndiyo yaliyonileta mbele yenu leo.

Sasa hebu tuone kwa nini iwe hivyo. Ndani ya pampu ya dizeli mna kijiti cha chuma kinachopanda na kushuka ndani ya mfuko wake. Nafasi iliyopo kati ya viwili hivyo ni elfu chache tu za milimita moja. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko nafasi hiyo zaidi ya mara kumi. Vumbi usiloweza kuliona kwa macho linatosha kukwaruza hapo. Tena kijiti hicho hakina oili nyingine ya kukilainisha ila dizeli yenyewe. Maji yakiingia, ulaini unaondoka, chuma kinasagana na chuma, na mashine ikilala usiku, kutu inaanza. Kwa hiyo chujio ni mlinzi wa mlango. Ukimfukuza mlinzi, usishangae mwizi akiingia.

Mtu atauliza, "Mbona mimi sitii maji kwenye tangi?" Ndugu yangu, maji huingia kwa njia nyingi. Dumu la jana lilichota maji, leo linachukua dizeli. Pipa limesimamishwa nje, mvua ikakusanyika juu ya kizibo na kupenya polepole. Na njia ya tatu wengi hawaijui: tangi likiachwa nusu usiku, ile nusu tupu hujaa hewa yenye unyevu. Baridi ya alfajiri ikija, unyevu ule hugeuka matone kama umande na kudondokea ndani. Maji ni mazito kuliko dizeli, basi huzama chini, na chini ndiko bomba la injini linakonyonya. Yakikaa muda mrefu, vijidudu humea pale maji na dizeli vinapokutana, vikafanya utelezi mweusi unaoziba chujio.

Basi ulinzi uanze kwenye dumu na pipa. Dumu la dizeli liwe la dizeli tu. Pipa liwekwe kivulini chini ya paa, na upande mmoja uinuliwe kidogo kwa kipande cha ubao ili uchafu na maji vikusanyike upande wa chini. Liache litulie siku nzima kabla ya kuchota, na uchote upande ulioinuka, usifikishe mpira wa kunyonyea hadi chini. Usihifadhi dizeli katika chombo chenye zinki ndani, maana zinki huchanganyikana na dizeli na kutoa uchafu unaoziba chujio. Jioni, kazi ikiisha, jaza tangi, umande usipate nafasi.

Asubuhi, kabla ya kupiga hendeli, fanya hivi. Usivute sigara wala usiwe na moto karibu. Weka glasi au chupa nyeupe chini ya kikombe cha kutenga maji, fungua skrubu au koki iliyo chini yake, uache yatoke kidogo. Mashine isiyo na kikombe huwa na koki au bolti chini ya tangi, tumia hiyo. Tazama ndani ya chupa: maji hukaa chini, dizeli juu, na mpaka wake huonekana wazi. Endelea mpaka itoke dizeli tupu, kisha funga. Kazi hii haifiki dakika tano. Uchafu uliotoka usiumwage mferejini wala jarubani, uweke kwenye kopo lake.

Chujio la karatasi halifuliwi. Narudia: halifuliwi. Wako wanaoliosha kwa petroli, na wako wanaolipuliza kwa pampu ya baiskeli. Linaonekana safi, kumbe karatasi imetoboka na sasa linapitisha kila kitu. Kitabu cha mashine husema ni baada ya saa ngapi ubadilishe. Hesabu saa zako. Pawatila inayofanya kazi saa 8 kwa siku, katika siku 25 imefikisha saa 200. Msimu mmoja mzito unaweza kumaliza chujio. Kama dizeli yako ni ya madumu ya njiani, badilisha mapema zaidi. Na kabla ya msimu nunua mawili: moja la kufunga, moja la akiba, likae kwenye mfuko wake usiofunguliwa. Kama tungekuwa na hilo la akiba siku ile Usangu, leo nisingekuwa na kisa cha kuwaeleza.

Haya, mashine imekataa katikati ya kazi. Uanzie wapi? Usikimbilie kufungua pampu. Anza na kilicho rahisi.

Kwanza, kama injini hufanya kazi muda fulani halafu inazima, na baada ya kupumzika inawaka tena, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa inavutwa kwa sauti, tundu dogo la mfuniko limeziba kwa matope. Lizibue kwa waya mwembamba, kazi imekwisha.

Pili, kama inakohoa, inarukaruka, na moshi ni mweupe hata baada ya kupata moto, shuku maji. Izime mara moja, umwage kikombe na sehemu ya chini ya tangi.

Tatu, kama haina shida ikiwa haina mzigo, lakini ukiingia jarubani inalemewa na kuzima, shuku chujio. Katika mashine ambazo dizeli hushuka yenyewe toka tangini, fungua bomba linaloingia kwenye chujio utazame mtiririko, kisha fungua linalotoka. Kama linaloingia linatiririka na linalotoka linadondosha tone tone, chujio limeziba.

Nne, kama mlio unapanda na kushuka wenyewe, au inakataa kuwaka baada ya kubadilisha chujio, kuna upepo ndani ya mabomba. Legeza skrubu ya kutolea upepo iliyo juu ya chujio, uache dizeli itoke mpaka mapovu yaishe, ndipo ukaze. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu. Kama upepo unarudi kila siku, tafuta mpira uliopasuka au washa iliyochoka. Bomba la chuma linalokwenda kwenye nozeli msilitie kidole, maana dizeli hutoka hapo kwa nguvu ya kutoboa ngozi na kuingia mwilini. Mtu akipatwa na hayo aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano.

Kwa wale wenye mashine ya kikundi, nina shauri moja la mwisho. Kitu cha wote mara nyingi hakina mwenyewe. Mchagueni mtu mmoja awe na ufunguo wa pipa, spana, na daftari. Kila asubuhi aandike: maji yametolewa, saa za jana ni ngapi. Na mkubaliane mapema, kabla haraka ya msimu haijawapanda vichwani, kwamba mashine bila chujio haiwashwi, hata kama anayeshauri hivyo ni bwana shamba.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni hayo maji kidogo yaliyo chini ya kikombe, na ukuta ni jaruba la yule wa mwisho kwenye zamu. Kesho asubuhi mkamwage hayo maji.