Hema la Familia na Mvua ya Masika

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.



Huenda ukashangaa kuona mazungumzo ya hema na mvua katikati ya mawaidha ya funga na zaka. Lakini hebu jiulize, mipango ya Idd hupangwa lini? Hupangwa sasa hivi, baada ya tarawehe, watu wamekaa barazani na chai yao ya tangawizi. Mmoja anasema watoto Idd hii tuwatoe mbali, kila mwaka ni bembea na aiskrimu tu. Mwengine anasema ana binamu yake mwenye mahema. Kufumba na kufumbua familia tatu zimekubaliana, matatu ya abiria 14 imetafutwa, na pesa ya kwanza imeshalipwa.

Hilo ni jambo jema, wala sikuja kulikataza. Mola wetu ametutaka tutembee katika ardhi tutazame. Na baba anayeshinda kazini mwaka mzima akilala hema moja na wanawe siku mbili, atawajua zaidi kuliko miezi sita ya kuwaona wakiwa wamelala. Shida yetu ni kalenda. Miaka hii Idd-ul-Fitr inaangukia Machi, na likizo ya kwanza ya shule ni Aprili. Masika yetu nayo ni Machi mpaka Mei. Yaani wakati ule ule watoto wanapokuwa huru, mito ndiyo inajaa.

Tuanze na Hell's Gate, kule Naivasha, maana wengi wenu mmefika na shule. Ni hifadhi ambayo unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kwa baiskeli, na ina viwanja vya kupiga kambi. Ndani yake mna korongo la Ol Njorowa, lenye kuta ndefu za mawe na njia nyembamba. Tarehe 22 Aprili 2012 kundi la vijana wa kanisa moja la Nairobi lilikuwa ndani ya korongo hilo maji yalipowajia kwa ghafla. Vijana 7 walifariki. Tarehe 1 Septemba 2019 jambo lile lile likatokea tena, mahali pale pale. Watu 7 wakafa, akiwemo kijana mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza wageni. Baada ya hapo KWS ikalifunga korongo.

Angalia tarehe hizo mbili. Ya kwanza ni katikati ya masika, lakini ya pili ni Septemba, si masika wala vuli. Na huyo kijana mwenyeji hakuwa mgeni wa mahali, alipajua. Sasa kwa nini? Kwa sababu mvua inaweza kuwa inanyesha kwenye vilima vya juu, mbali na ulipo, na wewe huku uko kwenye jua unapiga picha. Maji yanakusanyika kwenye vijito, vijito vinamwaga korongoni, na korongo ni kama bomba. Aliye ndani huenda asilione hata wingu. Atasikia mngurumo tu, na mngurumo huo ni maji yenyewe.

Mama wa Waumini Aisha (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipoona wingu au upepo, wasiwasi ulijulikana usoni pake. Akamuuliza, mbona watu wakiona wingu hufurahi kwa kutarajia mvua, na wewe huonekana una dhiki? Jibu lake lilikuwa kwamba hana cha kumhakikishia kuwa hamna adhabu ndani yake. Akawataja watu wa Aad, walioliona wingu likija wakadhani ni mvua ya heri. Habari hii imo ndani ya Bukhari na Muslim. Tafakari, ndugu yangu. Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye kumtegemea Mola wake kuliko kiumbe yeyote, alikuwa akitazama mbingu na kushughulika nayo. Sisi utabiri wa hali ya hewa umo kwenye simu zetu, tunaupita tukitafuta picha za arusi. Halafu tunasema tumetawakali!

Basi ukienda, utapiga hema wapi? Hata hili Mtume (S.A.W.) ametufundisha. Katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (R.A.), ndani ya Muslim, wasafiri wanaotua usiku wameambiwa wajiepushe na njia, kwa kuwa usiku ndiko wanakopita wanyama na ndiko wanakokimbilia wadudu wenye sumu. Dini yetu ilishuka kwa watu waliojua mahema, na adabu za kambi zimo humo humo kwenye vitabu vyetu, ila tunavifungua kwa ajili ya mambo mengine.

Na maji nayo yana njia yake. Mto mkavu, ule ambao ndugu zetu wa kaskazini huuita laga, ndio unaomvutia mgeni kuliko mahali pengine popote. Mchanga ni laini, pamesawazika, kuna miti ya kivuli pembeni, watoto wanachezea mpira bila kujikwaa. Lakini mchanga ule umesawazishwa na nani? Na maji. Inua macho utazame matawi ya miti. Ukiona nyasi kavu, vijiti na mifuko ya plastiki imenasa juu ya kichwa chako, ujue maji yaliwahi kufika hapo. Ondoka, panda juu, hata kama ni kwenye mawe na mgongo utauma.

Wala usidhani ni sisi wa mahema ya kuazima tu. Tarehe 1 Mei 2024 Mto Talek ulivunja kingo zake kule Maasai Mara, ukazifunika kambi zaidi ya 10 zilizokuwa kandokando yake, kambi za pesa nyingi, zenye vitanda na wapishi. Watu wapatao 90 iliwabidi waokolewe, wengine kwa helikopta. Mandhari ya mto ndiyo iliyowapeleka pale.

Sasa tuseme hukupiga hema mtoni, umepiga juu vizuri. Mvua imeanza saa mbili usiku. Hema linavuja, magodoro yameloa, mtoto wa miaka minne analia kwa baridi. Watu wa Mombasa na Malindi hapa sikilizeni sana, kwa sababu Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na baridi yake ya usiku si ile ya kujifunika leso. Katika hali hii ndipo mtu mwema, mwenye huruma, anapofanya jambo la kuua familia yake. Analichukua jiko la makaa lililopikiwa wali, linaloonekana limeshapoa, analiingiza ndani ya hema, na anafunga zipu ili joto lisitoke.

Makaa yakiwaka mahali pasipopita hewa hutoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikuchomi macho kama moshi. Mtu huhisi kichwa kizito, kisha usingizi. Wengi walioshikwa nayo hawakuamka, na jirani asubuhi akadhani wamelala tu. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kuuacha moto ukiwaka ndani ya nyumba wakati wa kulala. Tulizoea kulisikia katazo hilo tukafikiria kuungua peke yake. Kumbe na hili limo. Jiko halilali na watu, iwe ni hema, iwe ni chumba cha mabati Majengo, iwe mvua inanyesha vipi.

Mtoto aliyeloa mvue nguo zote za maji, umkaushe, umfunike na kitu kikavu, umkumbatie mwilini mwako. Kama ni macho, mpe kitu cha moto chenye sukari. Akitetemeka, bado mwili unapigana. Lakini akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, na maneno yakawa hayaeleweki, huyo si wa kuachwa alale, huyo ni wa kupelekwa hospitali usiku huo huo. Radi ikianza, tokeni hemani muingie garini mfunge vioo. Hema halizuii radi, wala mti haufai. Ukiona umeme, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, radi iko karibu ya kukudhuru.

Mmeshaingia garini, na sasa shetani wa pili anakuja, naye anasema twendeni tu, ni maji kidogo. Maji yanayokwenda kwa kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuibeba gari ndogo, na ya sentimita 60 yanabeba hata gari kubwa za familia. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililokuwa likiwapeleka watu arusini lilitumbukia Mto Enziu, kule Mwingi, likijaribu kuvuka daraja lililofunikwa na maji. Walikufa zaidi ya 30, na watu walikuwa wamesimama ng'ambo wakiangalia. Tarehe 9 Aprili 2024, siku moja kabla ya Idd, basi jingine lilibebwa na mafuriko katika kaunti ya Tana River, barabara ya Garissa. Hao abiria 51, alhamdulillah, waliokolewa wote. Fikiria Idd ya nyumba hizo ingekuwaje.

Sasa nifike kwenye lile nililokusudia hasa. Haya yote niliyoyataja, mara nyingi palikuwa na saa moja kabla yake ambapo mtu angeweza kusema turudi. Kwa nini hasemi? Nakwambia wewe baba, na wewe kijana uliyepewa usukani. Husemi kwa sababu pesa imeshalipwa. Husemi kwa sababu watoto wamehesabu siku tangu kumi la kwanza la Ramadhani. Husemi kwa sababu shemeji yako yuko kwenye gari la nyuma, na unaogopa ataitwa yeye ndiye mwanamume. Mawingu unayaona, mkeo ameshakugusa bega mara mbili, na wewe unaongeza sauti ya kaswida.

Mwaka wa 6 Hijria Mtume (S.A.W.) alitoka Madina na masahaba wapatao 1,400 kwenda umra. Walifika Hudaybiyya, Makka iko karibu, wakazuiliwa, na mkataba ukaandikwa kwamba warudi. Si mvua iliyowarudisha, najua, lakini tazama nyoyo zao. Walivunjika moyo kiasi kwamba walipoambiwa wachinje wanyama wao na kunyoa, hakuna aliyeinuka. Mtume (S.A.W.) akaingia hemani kwa mkewe, Umm Salama (R.A.), akamweleza. Bibi huyo akashauri kwamba atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na kunyoa. Akafanya hivyo, na watu wote wakainuka wakafuata. Ndani ya hema aliombwa ushauri mwanamke, na ushauri wake ukafuatwa. Nani kati yetu ni bora kuliko Mtume hata aone aibu kumsikiliza mkewe garini?

Na Sayyidna Umar (R.A.), akiwa khalifa, alikuwa njiani kwenda Sham akapata habari kuwa kuna tauni. Akashauriana na watu, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu kwa maana ya kwamba wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kavu. Popote atakapolisha, amelisha kwa kadari.

Kwa hivyo, wewe kijana unayependa kumjibu mzee "tawakal tu, ajali haina kinga", ujue Umar alijibiwa hivyo na mtu mkubwa kuliko wewe, na bado alirudi.

Watoto watalia. Waache walie. Rudini, mtandike yale mahema sebuleni, mchome mishkaki uani.

Neno moja kuhusu swala, kwa sababu najua kuna atakayeuliza. Msafiri aliyetimiza masafa ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, na maelezo yake muulizeni sheikh wa msikiti wenu kabla ya kutoka, si mkiwa matopeni. Lakini kuna jambo wengi hawalijui. Imam Nawawi, katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa kwenye madrasa zetu za Kishafii, alipoeleza swala ya hofu kali, amemtaja pia anayekimbia moto, mafuriko au mnyama mkali. Huyo huswali vile awezavyo, akienda, hata kama hakuelekea kibla. Hebu pima huruma hiyo. Hukuambiwa usimame maji yakufike. Umeambiwa kimbia, na huku unakimbia swala yako inahesabiwa.

Kabla hamjaondoka, chagueni kiongozi mmoja wa safari, kama Sunna ilivyotufundisha, na mkubaliane mbele ya watoto kwamba akisema turudi, hakuna mjadala. Mtu aliyebaki nyumbani, hata kama ni nyanya, aandikiwe kwenye karatasi mnalala wapi, mnapita barabara gani, na mnatarajiwa saa ngapi. Kwenye karatasi hiyo hiyo andikeni 999 na 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo haina malipo. Saa mliyoahidi ikipita na simu zenu hazipatikani, apige, asingoje asubuhi.