MTOTO AENDE PEKE YAKE LINI?

(Haya ni maneno tuliyosema katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia, mwezi wa Novemba. Tumeyaandika ili na wale ambao hawakufika wayasome.)

 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbegu wala mkopo wa kikundi. Tumekuja na swali moja ambalo wengi wenu mmekuwa mkituuliza tangu Desemba iliyopita: mtoto aruhusiwe kwenda peke yake, bila mzazi, akiwa na umri gani?

Mnakumbuka lililotupata. Watoto wetu walitoka jioni kuimba nyimbo za Krismasi nyumba hadi nyumba. Ni desturi nzuri. Wanaimba, wanapewa peremende, mandazi au shilingi mbili tatu, wanaendelea. Lakini mwaka huo hakuna mtu mzima aliyefuatana nao. Kila mzazi alidhani mwenzake yuko nao. Na sisi tuliowapanga tulidhani wazazi wako nao. Saa moja na nusu usiku, wakivuka lami, pikipiki ikamgonga mtoto wa miaka saba. Aliyekuwa amemshika mkono ni dada yake wa miaka kumi.

Tunashukuru mtoto alipona, ingawa mguu ulivunjika na hata sasa anachechemea akikimbia. Yule dada alikaa majuma mengi bila kutaka kuongea na mtu. Jamani, kosa halikuwa lake. Tulimpa mtoto kazi ya mtu mzima. Kosa hilo ni letu, na tunalikiri mbele yenu.

Baada ya hapo wengine mlisema, basi, nyimbo za usiku zikomeshwe. Wengine mkasema, hapana, mtoto asipozoea kutembea atajifunza lini? Pande zote mbili zina ukweli. Ndiyo maana tuliona heri tulichunguze jambo hili kwanza, kabla ya kupiga kura.

Wenzetu wa Marekani

Swali hili si letu peke yetu. Wale wenye jamaa huko Marekani wamesikia habari za siku iitwayo Halloween. Jioni ya tarehe 31 Oktoba watoto huvaa mavazi ya kuchekesha au ya kutisha, wakapita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende. Mila hiyo si yetu, na hatukuja kuileta hapa. Lakini swali la wazazi ni lile lile: nimwache aende na wenzake, au nifuatane naye?

Sasa sikilizeni vizuri. Kwa miaka mingi wazazi wa huko waliogopa zaidi peremende zenye sumu kutoka kwa watu wasiowajua. Mtaalamu mmoja aitwaye Joel Best alipekua habari za magazeti tangu mwaka 1958. Hakupata hata kisa kimoja kilichothibitishwa cha mgeni kumwua mtoto kwa njia hiyo. Kipo kisa cha Texas cha mwaka 1974, mtoto wa miaka minane alikufa kwa sumu iliyotiwa katika peremende. Lakini aliyeitia alikuwa baba yake mwenyewe, akitaka pesa za bima.

Basi hatari ilikuwa wapi? Ilikuwa barabarani. Watafiti walihesabu watembea kwa miguu waliouawa na magari huko Marekani kuanzia mwaka 1975 hadi 2016, saa kumi na moja jioni mpaka saa sita usiku. Katika jioni 42 za Halloween walikufa watu 608. Wakalinganisha na jioni za juma moja kabla na juma moja baada, jumla jioni 84, ambazo walikufa watu 851. Pigeni hesabu: kwa Halloween ni watu 14 au 15 kila jioni, na kwa siku za kawaida ni kama 10. Kwa watoto wa miaka minne hadi minane, hatari ilipanda mara kumi. Na saa mbaya zaidi ilikuwa karibu saa kumi na mbili jioni, giza linapoingia.

Mnaona? Watu walikuwa wakichunguza peremende, kumbe mauti yanapita barabarani. Na sisi je? Tunamwonya mtoto juu ya mchawi na mtu asiyemjua, halafu tunamtuma avuke lami saa moja usiku kuchukua mafuta ya taa.

Kwa nini mtoto hawezi kuvuka vizuri

Mtu husema, "Huyu wangu ni mwerevu, anajua barabara." Ni kweli anaijua. Lakini kupima mwendo wa gari ni kazi nyingine.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa walieleza jinsi walivyowapima watoto kwa barabara ya picha, ambapo gari haliwezi kumwumiza mtu. Watoto wa miaka sita waligongwa mara 8 kati ya kila 100 walizovuka. Wa miaka minane mara 6, wa miaka kumi mara 5, na wa miaka 12 mara 2. Ni wale wa miaka 14 tu waliovuka kama watu wazima. Mtoto mdogo huchelewa kuamua, na huchelewa kupiga hatua ya kwanza. Hiyo si ujinga. Ni kwamba macho na miguu yake havijaelewana bado.

Na hapo ilikuwa mchana na gari linaonekana. Huku kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza huja upesi. Pikipiki nyingine hazina taa. Watoto wanaimba, wanacheka, hawasikii.

Tuamue vipi?

Hakuna umri mmoja unaofaa kila mtoto na kila njia. Mashirika ya usalama wa watoto huko Marekani hushauri kwamba aliye chini ya miaka 12 asitembee usiku bila mtu mzima. Sisi tunaona huo ni mwanzo mzuri, lakini ongezeni mambo haya:

1. Tazama njia kabla ya umri. Mtoto wa miaka minane anaweza kwenda kwa nyanya yake mchana kwa njia ya shambani. Mtoto huyo huyo asivuke lami usiku.

2. Tembea naye kwanza. Mara ya kwanza mzazi atangulie. Mara ya pili mtoto atangulie na mzazi amfuate nyuma bila kusema neno. Utaona mwenyewe kama anasimama, anatazama pande zote mbili, anangoja. Akikosea, bado hajafika. Msimcheke, mjaribu tena baada ya muda.

3. Mwulize maswali. Giza likikukuta utafanya nini? Mtu akisema nimemtuma akuchukue kwa pikipiki, utajibu nini? Ukiambiwa uingie ndani ya nyumba upokee zawadi? Jibu ni kwamba zawadi hupokelewa mlangoni, mbele ya wenzake wote. Na ajue kwa kichwa namba ya simu ya mzazi, na ile ya bure ya kusaidia watoto, 116.

4. Mtoto asipewe mtoto mwenzake kumlinda barabarani. Hili tumelijifunza kwa machozi.

5. Saa ya kurudi iwe moja na ijulikane. Akichelewa, mtu atoke kumtafuta mara moja, bila kusema labda yuko kwa jirani.

Akina baba, msidhani haya ni ya akina mama. Mkono mmoja haulei mwana.

Kwa Desemba hii

Tunapendekeza nyimbo ziendelee, lakini hivi. Waanze saa tisa alasiri na wawe nyumbani kabla ya saa kumi na mbili. Kila kundi la watoto kumi liwe na watu wazima wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na majina yao yaandikwe kwenye kitabu cha kikundi, ili pasiwe na kudhani tena. Upande wa pili wa lami uwe na kundi lake. Wenye miaka 12 na zaidi wanaweza kuimba peke yao katika nyumba za upande wao, wakishapita majaribio yale. Nao vijana wa pikipiki tumewaomba wapunguze mwendo siku hizo, wamekubali.

Yule dada sasa ana miaka kumi na moja. Juzi alikuja kutuuliza kama mwaka huu atakubaliwa kuimba. Tulimwambia ndiyo, na mdogo wake pia. Akauliza ni nani atakayemshika mkono. Tukamwambia ni mmoja wetu. Kwa hivyo, ndugu zetu, kitabu kiko hapa mezani na kalamu iko. Tunangoja majina.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Ni mahali gani katika kijiji chetu ambapo mtoto asipite peke yake, na kwa nini?
- Ni kazi gani tunazowatuma watoto usiku ambazo zingefanywa mchana?
- Mtoto wako yuko wapi saa hii, na yuko na nani?