Aulizwe Mwenyewe

Wapendwa wasikilizaji wa Mitundu na wa mkoa wote wa Singida, Injili ya Marko yatusimulia habari za baba aliyemleta mwanawe mwenye kuanguka. Kabla ya kumponya, Yesu aliuliza hali ile ilimwanza tangu lini. Baba akajibu kwamba tangu utotoni, na kwamba mara nyingi mtoto huangukia motoni na majini. Katika sura inayofuata, Bartimayo kipofu aulizwa yeye mwenyewe anataka atendewe nini. Makutano walikuwa wamekwisha kumwamuru anyamaze.

Mwaka 1960, huko Mahenge mkoani Morogoro, daktari Louise Aall kutoka Norway alifungua kliniki ya wagonjwa wa kifafa. Aliwakuta wametengwa, wakila peke yao, maana iliaminika kwamba ugonjwa ule huambukiza. Wengine walikuwa na makovu ya moto wa jikoni. Aliwapa dawa, lakini pia aliketi akawasikiliza, wao na wazazi wao, akaandika. Hivyo aliandika pia habari za watoto waliotikisa vichwa kama wasinziao. Miaka mingi baadaye, hali hiyo ilipowapata watoto wengi wa kaskazini mwa Uganda na Sudani Kusini, maandishi ya Mahenge yalikuwapo. Watafiti wameona uhusiano kati ya kifafa cha namna hiyo na usubi, ugonjwa wa minyoo uenezwao na inzi wadogo weusi wa kando ya mito iendayo kasi. Nani angalijua, kama wagonjwa wale wangalifichwa chumba cha ndani?

Nasi je? Mtafiti akibisha hodi, twasema, "Hapa tuko watano," kumbe wa sita yumo ndani. Si ukatili daima; mara nyingi ni aibu, nami siwalaumu upesi. Lakini dawa ikijaribiwa kwa wenye nguvu tu, wa sita atapewa kwa kubahatisha.

Hata hivyo asiburutwe. Ana haki ya kuelezwa, kukubali, kukataa, na hata kujitoa katikati ya utafiti bila kunyimwa matibabu yake. Makatekista, ninyi mnaozijua nyumba, mkiombwa kuwaongoza watafiti, ulizeni kwanza: kiziwi atapata mkalimani wa lugha ya alama? Asiyeona atasomewa fomu yote? Yule aliyerudi kutoka Mirembe akiwa ametulia ataulizwa yeye, au kaka yake? Na majibu yakipatikana, nani atarudi Mitundu kuyaeleza?